Tusisubiri kijana aandike kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo limenikaa moyoni kwa miaka mingi ya kazi yangu ya uuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili, nalo ni namna tunavyowaachia mkono vijana waliojaribu kujiua katika siku zile zile ambazo wanahitaji kushikwa. Siku hizi zipo nchi nyingi ambamo kijana aliyezidiwa na mawazo ya kujitoa uhai anaweza kutuma ujumbe mfupi wa simu akajibiwa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Nazisifu huduma hizo, na kwa kipindi fulani nimejitolea katika mojawapo. Hata hivyo nyingi kati yake zimejengwa juu ya sharti moja, kwamba kijana ndiye aanze kuandika, na kijana ninayemhudumia mimi wodini ni yule ambaye kwa wiki hizo hana nguvu ya kuandika hata neno moja. Ninachoomba ni kwamba hospitali na vituo vya nasaha vimwandikie yeye kabla hajaomba, na viendelee kumwandikia hata kama hajibu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwamba miongoni mwa walio na umri wa miaka 15 hadi 29 hiyo ni sababu ya tatu kwa wingi wa vifo. Karibu robo tatu ya vifo vyote vya namna hiyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache mno. Shirika hilo hilo linataja jaribio la awali la kujiua kuwa dalili kubwa ya hatari kuliko nyingine, na tafiti za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa miezi mitatu ya mwanzo baada ya mgonjwa kuruhusiwa kutoka wodi ya akili, hasa wiki za kwanza kabisa, ndicho kipindi cha hatari zaidi. Kwa hiyo watu tunaopaswa kuwafikia tunawajua. Majina yao tunayo katika mafaili, namba zao za simu tuliziandika wenyewe siku walipolazwa.

Na tunawafanyia nini siku ya kutoka? Tunampa kijana dawa zake, tunamwandikia tarehe ya kurudi kliniki katika kikaratasi, tunawaambia ndugu zake wamwangalie kwa karibu, kisha mlango unafungwa. Nyumbani nako mara nyingi hakuna anayejua la kusema. Wengine wanamkwepa kwa hofu ya kukosea, wengine wanamkemea kwa aibu aliyowaletea, na katika nchi ambazo sheria bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kijana na ndugu zake wote huona ni salama zaidi kulifukia jambo hilo lisitajwe tena. Tarehe ya kliniki inafika, kijana haji. Sisi tunaandika katika faili kwamba hakuhudhuria, tunaendelea na aliyefuata.

Kuhusu kwa nini ujumbe wa maandishi unawafaa vijana, napenda nieleze niliyoyaona, kwa maana watu wazima wengi hudhani ni uvivu wa kuzungumza. Kijana wa miaka 20 mara nyingi halali peke yake chumbani, na akipiga simu ya kuomba msaada saa saba za usiku atasikika na mdogo wake, na mzazi wake, na mtu aliye upande wa pili wa ukuta. Akiandika, hakuna anayesikia. Anaweza kulia huku anaandika na sauti yake isimsaliti. Anaweza kuandika sentensi, akaifuta, akaiandika tena mpaka ikaribie kile anachotaka kusema, jambo ambalo mdomo haumruhusu. Anaweza pia kurudi kesho yake akasoma upya alichojibiwa, na hilo lina thamani kubwa kwa mtu ambaye akili yake, kwa sababu ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, inasahau kila neno jema na kushika kila neno baya.

Nilipokuwa nikijibu jumbe za aina hiyo, wengi hawakuanza kwa kutaja kifo. Huanza kwa neno moja, "Habari", au "Samahani kama nasumbua", au "Kuna mtu hapo?" Kisha kimya cha dakika kadhaa, na mwenye kujibu anajifunza kutoharakisha kimya hicho. Tulifundishwa kumuuliza mtu angependa aitwe nani, kusikiliza kwanza kisa chake, na baadaye kumuuliza waziwazi, bila kuzunguka, kama anafikiria kujiua. Wasomaji wengi wanaogopa swali hilo wakidhani litampandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi haujathibitisha hofu hiyo, na mimi binafsi sijawahi kukutana na kijana aliyedhuriwa na kuulizwa, ila nimekutana na wengi ambao walishusha pumzi, kwa kuwa hatimaye mtu alilitamka lile ambalo wao walikuwa wakilizunguka usiku kucha. Kutoka hapo mazungumzo hugeukia mambo ya usiku huo huo: yuko wapi, yuko na nani, ni kitu gani cha hatari kilicho karibu naye na nani anaweza kukiondoa, na nani atakayekaa naye mpaka kupambazuke.

Huduma za namna hiyo zimekua upesi. Crisis Text Line ilianza nchini Marekani mwaka 2013, Shout ikafuata nchini Uingereza mwaka 2019, na tarehe 16 Julai 2022 Marekani ilifungua namba 988 inayopokea simu na ujumbe wa maandishi kwa nchi nzima. Zimewasaidia watu wengi, wala sitaki barua yangu isomwe kama ya kuzipinga. Ninachosema ni kwamba yule anayetuma "Kuna mtu hapo?" bado ana uzi mdogo wa matumaini kwamba mtu yupo. Yupo mwingine ambaye uzi huo umekatika. Anaamini kwamba amekuwa mzigo, kwamba kuomba msaada ni kuongeza mzigo huo, na kwamba asipokuwepo watu watapumua. Kwa mtu mwenye imani hiyo, namba iliyobandikwa ukutani hospitalini ni ya watu wengine.

Dawa ya jambo hili ilijaribiwa zamani, kabla simu za mkononi hazijafika mikononi mwetu. Daktari wa magonjwa ya akili wa San Francisco aliyeitwa Jerome Motto aliwafuatilia wagonjwa waliokuwa wamelazwa kwa sonona au kwa hatari ya kujiua, na ambao baada ya kutoka walikataa au waliacha matibabu. Walikuwa 843. Kwa kura, wakagawanywa makundi mawili. Kundi moja halikuandikiwa chochote. La pili liliandikiwa barua fupi kwa muda wa miaka mitano, kila mwezi mwanzoni, kisha kwa nafasi kubwa zaidi, barua 24 kwa jumla. Barua hizo hazikumkumbusha mgonjwa kliniki, hazikumuuliza kama anameza dawa, wala hazikumdai jibu. Zilisema tu kwamba muda umepita tangu alipokuwa hospitalini, kwamba wanatumaini mambo yake yanakwenda vizuri, na kwamba akipenda kuwaandikia watafurahi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba walioandikiwa walikufa kwa kujiua kwa uchache zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa katika miaka miwili ya mwanzo. Tafakari, Mhariri: hao ni watu waliokwisha kutukataa, na bado karatasi yenye mistari miwili iliwafikia mahali ambapo kliniki yetu haikuwafikia.

Wengine walifuata njia hiyo. Katika mji wa Newcastle nchini Australia, wagonjwa waliokuwa wamejidhuru kwa sumu walitumiwa postikadi nane ndani ya miezi 12; idadi ya watu waliorudia haikupungua kwa kiwango cha kuthibitika, ila idadi ya matukio ya kurudia ilipungua. Mjini Tehran, nchini Iran, postikadi za aina hiyo zilipunguza mawazo ya kujiua na majaribio pia. Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni ule uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika miji mitano, yaani Campinas nchini Brazili, Chennai nchini India, Colombo nchini Sri Lanka, Karaj nchini Iran na Yuncheng nchini China. Watu 1,867 waliofikishwa hospitalini baada ya kujaribu kujiua walishirikishwa. Nusu yao walipata matibabu ya kawaida. Nusu ya pili waliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kutoka, kisha wakatafutwa mara tisa, kwa simu au kwa kutembelewa, ndani ya miezi 18. Mwisho wa kipindi hicho waliokufa kwa kujiua katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 2.2, na katika kundi la pili asilimia 0.2. Naupenda kwa sababu haukufanyika katika hospitali za kifahari, na kilichoongezwa hakikuwa dawa mpya wala mashine.

Ujumbe wa simu wenyewe nao umepimwa. Wanajeshi 658 wa Marekani waliokuwa na mawazo ya kujiua waligawanywa, na nusu yao wakatumiwa jumbe 11 katika mwaka mmoja, za kuwajulia hali tu, mmojawapo ukiwa wa siku ya kuzaliwa. Sina budi kuwa mkweli hapa: katika vipimo viwili vikuu ambavyo watafiti walikuwa wameviweka tangu mwanzo, makundi hayo hayakutofautiana. Lakini kati ya waliotumiwa jumbe, waliojaribu kujiua katika mwaka huo walikuwa asilimia 9, na kati ya wasiotumiwa asilimia 15. Mtu makini hatasema kwamba ujumbe wa simu ni tiba ya kujiua. Atasema, nadhani, kwamba kitu cha gharama ndogo namna hii, chenye dalili za kuokoa baadhi ya watu, hakistahili kusubiri.

Hata hivyo namna ya kuandika ndiyo kila kitu, na hapo ndipo ninapohofia kwamba taasisi zitaharibu. Nimeona jumbe za hospitali. "Mgonjwa mpendwa, unakumbushwa kuhudhuria kliniki tarehe iliyopangwa, usipofika utapoteza nafasi yako." Kijana aliyetoka wodini kwa jaribio la kujiua akipokea maneno hayo anaelewa kwamba ni faili lake lililomwandikia. Ujumbe ninaousema unamtaja kwa jina analolipenda, unatoka kwa mtu anayemkumbuka kwa sura, na haumtwishi kazi yoyote: "Ni mimi, muuguzi tuliyekuwa tukizungumza jioni karibu na dirisha. Leo nimekukumbuka nikaona nikusalimu. Si lazima ujibu." Hilo neno la mwisho watu wengi hulifuta wakidhani linaonyesha kutojali, nami naomba lisifutwe kamwe, kwa kuwa ndilo linalomtua mtu mzigo. Kijana mwenye sonona anahesabu kila ujumbe asioujibu kuwa deni, na madeni yakizidi anazima simu.

Katika wodi niliyofanya kazi zamani, sisi wauguzi wachache tulichanga, tukanunua simu moja na laini yake, tukaanza kuwaandikia vijana waliokubali kwa ridhaa yao kabla ya kutoka. Tuliandika majina na tarehe katika daftari: siku ya kwanza, wiki ya kwanza, kisha kila mwezi. Wengi hawakujibu. Kijana mmoja hakujibu ujumbe hata mmoja kwa miezi sita, na baadhi yetu walishauri tumwache, wakidhani laini ile haitumiki tena. Tulipomtumia ule wa mwezi wa saba alijibu neno moja, "Nipo." Baada ya hapo alinyamaza tena kwa muda mrefu, lakini mawazo yale yalipomzidi tena alirudi hospitalini kwa miguu yake mwenyewe, akamuulizia muuguzi aliyekuwa akimwandikia. Sidai kwamba ujumbe ndio uliomleta. Najua tu kwamba alijua pa kuja na jina la kuulizia.

Mpango wetu ulikufa baada ya mwaka na kitu. Uongozi wa hospitali hiyo ulisema hakuna fungu lake na kwamba mawasiliano na wagonjwa waliokwisha kutoka si sehemu ya kazi yetu, tukaambiwa turudishe simu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hatukupewa hata siku moja ya kuwaaga. Vijana wale waliokuwa wameambiwa "tutakuandikia" waliona kimya kikiingia bila maelezo, na kwa mtu ambaye tayari anaamini kwamba watu huchoka naye, kimya hicho kinasema mengi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi hii isianzishwe kwa mchango wa watu wenye huruma kama tulivyofanya sisi. Iwe na bajeti, iwe na mtu anayeiwajibikia, na iwe na utaratibu wa kuhitimisha kwa maneno ya kuaga.

Yapo mambo mengine ambayo taasisi haina budi kuyafikiria kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza. Simu nyingi zina watumiaji zaidi ya mmoja, na maneno ya kwanza ya ujumbe huonekana juu ya kioo hata simu ikiwa imefungwa, kwa hiyo ujumbe usitaje wodi, ugonjwa wala kilichotokea, na kijana aulizwe mapema nani mwingine anaishika simu yake. Laini hubadilika na namba hugawiwa watu wengine, kwa hiyo ridhaa na namba vihakikishwe upya kila baada ya muda. Kubwa zaidi ni swali la nani atapokea majibu. Ukishamwandikia kijana, umemfungulia mlango, na ipo siku atajibu saa nane za usiku kwamba yuko ukingoni. Namba inayotuma bila kuweza kupokea ni hatari. Kama hospitali haina mtu wa zamu ya usiku, ujumbe wenyewe useme hivyo kwa lugha nyepesi na utaje namba inayojibiwa saa zote, na majibu yote yasomwe asubuhi bila kukosa.

Kuna pia suala la siri. Mwaka 2022 ilifahamika hadharani kwamba Crisis Text Line ilikuwa imeigawia kampuni ya kibiashara yenye uhusiano nayo taarifa zilizotokana na mazungumzo ya watu, baada ya kuondoa majina, ili zitumike kutengeneza programu za huduma kwa wateja. Baada ya malalamiko mengi shirika hilo lilisitisha mpango huo. Maneno ya mtu aliyekuwa karibu kufa si malighafi, yawe na jina au yasiwe nalo, na anayeandika saa ile hana nafasi ya kusoma kurasa za masharti kisha akakubali kwa akili tulivu. Vivyo hivyo kwa programu za kompyuta zinazojibu zenyewe. Ziachwe zipange foleni ili aliye katika hatari kubwa ahudumiwe mwanzo, na zimkumbushe muuguzi tarehe, lakini kama ujumbe unasema "nimekukumbuka", awepo mtu aliyekumbuka.

Mhariri, gazeti lako linasomwa na wanaopanga bajeti za afya na wanaoendesha kampuni za simu. Wa kwanza nawaomba watenge muuguzi mmoja na simu moja kwa kila wodi ya akili, kwa kazi hii pekee, kwa muda usiopungua mwaka mmoja kwa kila kijana anayetoka. Wa pili nawaomba waziondolee malipo jumbe zinazokwenda na kurudi kati ya vijana hao na hospitali, kwa maana kijana asiye na salio hawezi kujibu hata neno "Nipo", na ujumbe mfupi wa kawaida una faida ya kufika hata katika simu isiyo na intaneti.

Na kama anayesoma barua hii ni kijana ambaye leo hii ana mawazo ya kujiua, namwomba asibaki peke yake na mawazo hayo usiku wa leo. Mwambie mtu mmoja, kwa mdomo au kwa maandishi, hata kwa maneno mawili tu, "Siko salama". Kama kuna namba ya dharura au ya msaada katika nchi yako, itumie. Na kama hatari iko karibu, nenda hospitali yoyote iliyo jirani au umwombe mtu akupeleke. Tuliopo zamu tutakupokea.

Ni mimi msomaji wako,

Muuguzi wa afya ya akili